Anti, mume wangu kaacha sigara ila nyumbani hakukaliki: nimpe hata moja?

Shikamoo Anti. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mbagala, nina miaka 38 na mume wangu ana 50. Naomba jina langu lisitokee kabisa maana wifi zangu wote wanaisoma hii safu na wataniweka kikao.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea, ana kibanda chake cha mageti na madirisha. Sigara kavuta tangu hajanioa, pakiti kwa siku na siku kazi zikiwa nyingi inavuka. Mi nilishazoea yani hata ile harufu nilikuwa siisikii tena. Ila kama miaka miwili nyuma akaanza kulalamika miguu, akitoka stendi kuja nyumbani mashavu ya miguu yanambana mpaka anasimama, anatoa simu anajifanya anaongea, yakiachia anaendelea na safari. Na Anti nikwambie ukweli, hata chumbani mambo yakapungua sana, mi nikajua kapata mtu nje, nilikagua simu mpaka nikachoka mwenyewe na sikukuta kitu.

Mwaka huu baada ya Idd akiwa kibandani kifua kikambana, jasho likamtoka kama kamwagiwa maji, vijana wake wakamkimbiza hospitali. Akalazwa, akapimwa moyo, wakatuambia mishipa inayolisha moyo imekuwa myembamba. Hakufanyiwa upasuaji, kapewa dawa nyingi tu za kunywa na nyingine ya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana. Dokta akamwambia baba, sigara basi. Na kweli akaacha palepale, hata kiberiti akampa kijana wake wa kibandani.

Sasa tatizo ndo likaanza. Mwezi umepita na kidogo na huyu siye mtu aliyenioa. Sufuria zikigongana tu jikoni anafoka, watoto wakicheka anafoka. Usiku halali. Anakohoa kuliko alipokuwa anavuta, tena makohozi yana weusi weusi. Anakula mpaka watoto wanashangaa, suruali mbili hazifungi tena. Kazi nzito kasimamishwa kwa hiyo kutwa yuko kijiwe cha kahawa, anasema kahawa ndo inamsahaulisha sigara, akirudi jioni ananishika mkono anauweka kifuani kwake, anasema sikiliza unavyodunda.

Mama mkwe yuko kwetu tangu mwanae augue, katoka Handeni. Yeye anasema mnaniulia mwanangu, mwili umezoea moshi miaka 30 leo mnamkatia ghafla, moyo si utashtuka? Mpe hata moja baada ya chakula atulie. Anatoa mfano wa baba yake mzazi, alivuta kiko mpaka uzeeni kabisa na kafa na meno yake yote. Mume akisikia hayo hasemi kitu, ananiangalia mimi. Nami nikiwaza naona kama mama ana pointi, maana Ramadhani huwa anakaa kutwa nzima bila sigara, anavuta akishafuturu, na hakuwa mkali hata kidogo. Moja au mbili kwa siku siyo pakiti.

Juzi nikaenda kwa Mangi nikanunua fegi moja. Nimeiviringisha kwenye kipande cha gazeti iko ndani ya kopo la iliki, mwenyewe hajui. Kila akianza kufoka mkono wangu unataka kwenda kabatini. Halafu jana nafua suruali zake nikakuta makaratasi ya pipi kifua mfuko mzima. Sasa najiuliza au keshaanza kuvuta huko kijiweni anaficha harufu? Na kama anavuta, mi navumilia hizi kelele za nini?

Tuna kliniki Alhamisi ijayo. Nimpe hiyo moja tuwe na amani, au nikomae? Na nikikomaa halafu moyo ukasimama kweli, mama atanisamehe?

Mama Wawili, Mbagala

JIBU LA ANTI

Marahaba mdogo wangu, na pole, pole ya kweli siyo ya kupita. Kumuuguza mtu mzima anayefoka ni kazi, afu mama mkwe yuko sebuleni anahesabu hatua zako.

Umeniuliza kuhusu fegi moja, ila mi nimeona swali lenyewe liko pale mwisho. Wamekubebesha moyo wa mwanaume wa miaka 50. Akivuta akaanguka, wewe ndo ulimpa. Asipovuta akaanguka, wewe ndo ulimnyima. Yeye mwenyewe ananyamaza anakuangalia. Hapo kabla hatujaenda popote naomba ujiulize, ni nani alisema uamuzi huu ni wako? Dokta alimwambia yeye, na aliyetoa kiberiti mfukoni ni yeye. Inawezekana kabisa ile siku anakuangalia hakuwa anaomba sigara, alikuwa anaomba umjibu mama kwa niaba yake maana yeye hawezi kubishana na mama yake. Sijui, we ndo unayajua macho yake.

Tuje kwenye hofu ya mama, na usimcheke, hofu yake ina mahali ilipotoka. Mtu aliyezoea gongo au pombe kali kila siku akikatishwa ghafla anaweza kutetemeka, kupata degedege, hata kufa, na wazee wameyaona hayo kwa macho. Sigara haiko hivyo. Kukata nikotini ghafla kunaleta hasira, usingizi kupotea, njaa, kizunguzungu, mtu anakuwa hakaliki, lakini hakuui. Wanaoacha kwa mkupuo, tafiti zinaonyesha, wala hawafanyi vibaya kuliko wanaopunguza kidogo kidogo. Na moyo hauzoei moshi kama mama anavyodhani, unavumilia tu mpaka unaposhindwa.

Acha nikueleze kinachotokea mle ndani maana naona hakuna aliyekaa nanyi chini akawaeleza. Moshi wa sigara una gesi inaitwa kaboni monoksidi, ni ileile ya jiko la mkaa inayoua watu waliolala wamefunga madirisha. Damu inabeba oksijeni kwa kutumia himoglobini, na hii gesi inaing'ang'ania himoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoweza. Wewe wa Mbagala utanielewa, ni yule abiria anayepitia dirishani akawahi siti, wewe uliyepanga foleni unabaki umesimama chini. Kwa hiyo moyo unapokea damu ila oksijeni ndani yake pungufu. Wakati huohuo nikotini inauambia moyo ukimbie, presha inapanda, mishipa inajibana, yani unaupa kazi zaidi na kuunyima chakula kwa pamoja. Kuta za ndani za mishipa ambazo zinatakiwa ziwe laini zinachubuka, mafuta yanajishika hapo, na zile chembe za kugandisha damu zinakuwa za kunata kuliko kawaida. Kidonge kidogo cha damu kikiganda kwenye mshipa ambao tayari ni mwembamba kama wa mumeo, ndo lile jasho uliloambiwa limemtoka kibandani.

Alipoacha nini kilifanyika? Ndani ya dakika 20 mapigo na presha vinaanza kushuka. Ndani ya saa 12 ile gesi imerudi kiwango cha kawaida kwenye damu. Kuanzia wiki ya pili mpaka mwezi wa tatu mzunguko wa damu unazidi kuwa mzuri, na mumeo yuko katikati ya kipindi hicho hivi sasa ninavyoandika. Mwaka ukitimia, ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo aliyokuwa nayo kwa sababu ya sigara inashuka karibu nusu. Siyo kwamba mafuta yaliyokwisha kujishika yanatoweka, hapana, ndo maana dawa zinaendelea. Ila kwa watu ambao tayari wana ugonjwa wa mishipa ya moyo kama yeye, tafiti 20 zilizokusanywa pamoja mwaka 2003 zilionyesha walioacha walipungukiwa hatari ya kufa kwa zaidi ya theluthi moja ukilinganisha na waliogoma. Shida ni kwamba faida zote hizi zipo ndani hazionekani, na we unachokiona ni kufoka na suruali kutofunga.

Kuhusu Ramadhani umenipa mfano mzuri kuliko unavyojua. Mchana kutwa ile gesi inapungua kwa nusu kila saa 4 mpaka 6 hivi, kwa hiyo adhana ya magharibi ikiita damu yake ilikuwa karibu imesafishika, halafu akishafuturu anaijaza upya. Na kwamba hakuwa mkali, mi naona ni kwa sababu kichwa chake kilijua jioni sigara ipo, mtu akijua saa ya kupata anasubiri. Sasa hivi hakuna saa. Ukimwekea moja baada ya chakula cha usiku, ile hasira unayotaka iondoke huenda ikahamia mchana, atakuwa anakuhesabia masaa.

Na hiyo moja siyo ndogo kama inavyoonekana. Mwaka 2018 jarida la BMJ la Uingereza lilichapisha uchambuzi wa tafiti 141, ikaonekana mwanaume anayevuta moja kwa siku anabeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayobeba mvuta 20. Watu wengi wanadhani ukitoka 20 ukaja 1 umebaki na moja ya ishirini. Kwa mapafu kupunguza kuna hesabu yake nyingine, lakini mishipa ya damu inachokozeka na moshi kidogo sana. Hata wewe na watoto mnaovuta moshi wa mwenzenu hatari inawagusa, mtu asiyevuta anayekaa na moshi nyumbani au kazini hatari yake ya ugonjwa wa moyo inapanda kama asilimia 25 mpaka 30. Hilo nalo liweke kwenye mizani unapofikiria kopo la iliki.

Babu wa kiko tumuache apumzike kwa amani, kila ukoo una wake. Ila kuna Waingereza wawili, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walianza mwaka 1951 kufuatilia madaktari wa kwao wanaovuta na wasiovuta, ufuatiliaji ukaenda miaka 50. Matokeo ya 2004 yakaonyesha aliyeacha akiwa na miaka 60 alijiongezea kama miaka 3 ya kuishi, aliyeacha na 50 kama miaka 6, na 40 kama 9. Mumeo ana 50. Mama anaweza kuyapokea haya vizuri zaidi kutoka kwa dokta kuliko kutoka kwa mkamwana, kwa hiyo mi ningefikiria kwenda naye kliniki. Ina hatari yake, anaweza kumuuliza dokta maswali mpaka foleni nzima ikasikia, lakini akirudi hatakuwa tena na ugomvi na wewe.

Sasa yale yanayokutisha. Kikohozi, kuna vinyweleo vidogo kwenye njia ya hewa vilikuwa vimelewa moshi, vikizinduka vinaanza kufagia uchafu wa miaka, ndo mtu anakohoa zaidi mwanzoni. Lakini usibaki na jibu hilo peke yake mdogo wangu. Kikohozi cha wiki 2 na kuendelea kinatakiwa kipimwe kifua kikuu, apeleke makohozi. Akikohoa zaidi akilala na pumzi inakata, au miguu inavimba, huo unaweza kuwa moyo. Na kuna dawa za presha zenyewe zinaleta kikohozi kikavu. Yote mseme, ila asikatishe dawa yoyote kwa kubahatisha nyumbani.

Kahawa! Hapa nilitabasamu. Moshi wa sigara unalifanya ini liyeyushe kahawa haraka, mvutaji anakunywa vikombe vingi haoni kitu. Akiacha, kahawa ileile inakaa mwilini muda mrefu zaidi na inampiga mara mbili. Kwa hiyo usingizi umepotea, mikono inatetemeka, moyo unadunda, mnalaumu sigara kumbe nusu ya kesi iko kwenye birika la kijiweni. Apunguze vikombe nusu, na vya jioni aviache kwanza muone. Moyo kudunda hata hivyo auripoti kliniki, na dokta ajue tarehe aliyoacha sigara maana zipo dawa ambazo dozi yake inabadilika mtu akiacha moshi. Unene ni wa kawaida, wengi wanaongezeka kilo 4 au 5 mwaka wa kwanza, moyo bado unatoka na faida.

Kuhusu ile miguu na ya chumbani, nakuomba uisome upya historia yako. Anayesimama njiani akisingizia simu ni mtu ambaye damu haifiki vizuri miguuni. Na mishipa ya kule kwingine ni myembamba kuliko ya moyo, mara nyingi inaziba mwanzo, miaka kadhaa kabla kifua hakijasema kitu. Nisikuhakikishie kwamba hakuwahi kuwa na mtu nje, mimi siyo malaika wake, ila inawezekana ulikuwa unakagua simu wakati ugonjwa ulikuwa kwenye mishipa. Kwa wengine hali inarudi kiasi wakiacha sigara, na dawa nazo zina mchango wake, ni la kumuuliza dokta bila aibu. Onyo moja tu na hapa sitanii, asije akashawishika na vumbi la Kongo au vidonge vya kuongeza nguvu vya mtaani. Ile dawa ya chini ya ulimi ikikutana na vidonge vya aina hiyo presha inaweza kuporomoka akafia mikononi mwako.

Pipi kifua sasa. We umeona kuficha harufu, mi nikaona pia mtu anayeupa mdomo kazi. Wanaoacha sigara wengi wanahangaika na kitu cha kutafuna, mkono na mdomo havijui viende wapi. Inawezekana umeshika ushahidi wa usaliti, inawezekana umeshika ushahidi wa vita anayopigana peke yake, mfuko mzima wa makaratasi. Ukiingia na mashtaka na alikuwa anapigana, atasema bora nivute kweli. Ukinyamaza na alikuwa anavuta, mtaendelea kuigiza. Labda umuulize kwa upole mkiwa wawili, mama kalala, hivi ni saa ngapi inakuwa ngumu zaidi? Na akisema kweli amepiga pafu mbili tatu, hiyo haimaanishi imeisha, wengi wanateleza kabla hawajaacha moja kwa moja.

Kuna njia ambayo kwenye barua yako haipo, katikati ya kumpa fegi na kukomaa. Kuna viraka vya nikotini vya kubandika kwenye ngozi na bigijii zenye nikotini, Shirika la Afya Duniani liliziweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2009. Zinampa kile kichwa kinachodai bila ile gesi na bila moshi, na zinaongeza nafasi ya kufanikiwa. Bei inaweza kuuma na si kila famasi wanazo, na kwa mtu aliyetoka kuugua moyo juzijuzi dokta ndo aseme kama zinamfaa na kwa kiasi gani. Mkiona kliniki mnayoenda haina majibu, ombeni rufaa, mabingwa wa moyo wapo pale Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Muhimbili.

Ile ya kwenye kopo sikwambii uitupe wala uitoe. Nakuuliza tu, ukimpa, utampa kwa ajili ya moyo wake au kwa ajili ya masikio yako? Masikio yako nayo yana haki, siyo dhambi kuchoka. Ila kama ni masikio, pengine dawa ni kumwambia wazi kwamba najua unateseka na mimi kufokewa nimechoka, akienda kutembea jioni taratibu mpaka mwisho wa mtaa arudi ametulia. Dokta akiruhusu hayo matembezi, yanasaidia hata hiyo miguu.

Kifua kikibana tena kwa namna ile na dawa ya chini ya ulimi isisaidie haraka kama alivyoelekezwa, msikae kujadili gesi wala vidonda vya tumbo, mbio hospitali, usiku au mchana.

Alhamisi mwende na dawa zote kwenye mfuko mmoja, hata zilizoisha pelekeni makopo. Na kama mama kaja na chupa ya mizizi kutoka Handeni anamnywesha asubuhi, msiifiche, nayo iingie kwenye mfuko huohuo.